Mjukuu anaficha kubadhi la babu na mimi nacheka, ndo namharibu?

Swali nalifupisha manake lilikuja kwa voisi tatu ndefu na kwenye zote tatu mwenye swali anacheka mpaka anakohoa. Ni bibi wa Majengo hapa Mombasa, miaka 61, anakaa na mumewe na binti yao wa mwisho ambaye anafanya kazi hotelini upande wa Nyali, kazi ya shifti, kwa hivyo mtoto wa huyo binti, kijana wa miaka 2 na miezi 4, kutwa anashinda na bibi. Na kijana ana visa. Anaficha rimoti, anaficha funguo, na kila Ijumaa babu akishaoga na kuvaa kanzu basi kubadhi moja halionekani, moja tu, lile jengine lipo pale pale mlangoni, mpaka litafutwe lipatikane nyuma ya pipa la maji au ndani ya karai la nguo. Ijumaa moja adhana ishaisha, mzee akavaa ndara za bibi za waridi akaenda zake msikitini bila kusema neno. Sasa wiki mbili nyuma kijana akateremsha pakiti ya unga wa ngano, kilo 2 nzima, uliokuwa wa mahamri, akaumwaga chini akakaa katikati akawa anajirushia kichwani anasema "Bibi, mvua! Bibi, mvua!" Bibi hoi kwa kicheko, akatoa simu akamrekodi akaweka statasi. Hapo ndo binti anaingia katoka shifti ya usiku, akasimama mlangoni hata buibui hajavua, akaangalia unga, akamwangalia mamake, akasema, "Mama, mimi ningefanya hivi ungenitoa ngozi." Akaenda chumbani akafunga mlango. Tangu siku hiyo bibi kila akicheka anaambiwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Anauliza: ni kweli namharibu mtoto? Na mbona wanangu wanne niliwachapa kwa mambo madogo kuliko haya, na huyu hata kumkunjia uso nashindwa? Afu mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka akiwa mlangoni, akaongeza kwamba ufunguo wa kabati la vyombo vya wageni huu mwezi wa pili haujaonekana, kama kuna dawa ya hilo pia nimwambie.

Dadangu, waaleikum salaam na pole ya unga. Mi nimekaa kliniki za watoto huku Pwani miaka mingi, kupima uzito, kuchanja, kusikiliza mama wachovu, baadaye nikasomea makuzi ya watoto wadogo na ndo kazi yangu mpaka leo, na juu ya hayo yote mi pia ni bibi wa wajukuu wawili. Kwa hivyo sitakujibu kama hakimu, ntakujibu nikiwa nimekaa hapo chini kwenye unga na wewe.

Kumpenda hakumharibu na kumfurahia hakumharibu, hilo lala nalo usingizi. Lakini kicheko chako ni mshahara, na huyo kijana ni mfanyakazi hodari, sasa inabidi tuangalie unamlipa kwa kazi gani.

Nianze na kubadhi manake pale ndo pana utamu. Wewe unaona mchezo, mi naona hesabu. Hebu fikiria mtoto wa miaka 2 na kitu anatakiwa ajue mangapi ndo mchezo huo umwendee vizuri. Ajue babu anataka kubadhi, wakati yeye mwenyewe hana haja nalo hata mguu haumtoshi. Ajue kwamba kubadhi moja bila mwenzake ni bure, na hapa namvulia kofia kabisa, manake angeficha yote mawili babu angevaa viatu vingine tu na mchezo umekwisha. Ajue siku ya kanzu na marashi ndo siku yenyewe. Na ajue kwamba yeye anajua lilipo na babu hajui.

Hilo la kujua mwenzako anataka kitu ambacho wewe hutaki, usilidharau. Mwaka 1997 watafiti wawili kule Marekani, Betty Repacholi na Alison Gopnik, walitoa jaribio moja mi nalipenda mno. Mtu mzima anakaa na mtoto mezani, sahani mbili, moja biskuti za chumvi, moja brokoli mbichi, zile mboga kama koliflawa ya kijani. Anaonja biskuti, anakunja uso kama kala shubiri. Anaonja brokoli, mmm, anafurahi kama kapewa halua. Afu ananyoosha mkono, nipe na mimi. Watoto wa miezi 14 wakawa wanampa biskuti, wao wanapenda biskuti basi na dunia nzima inapenda biskuti. Watoto wa miezi 18 wakampa brokoli. Miezi minne tu katikati hapo na mtoto kashajua wewe ni mtu mwengine na roho yako yataka vyake. Sasa akishajua unataka nini anaweza kukupa, na anaweza pia kukufichia, ujuzi ni ule ule.

Na huko kufichiana kunaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Kuna mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Portsmouth kule Uingereza, Vasudevi Reddy, ameshughulika miaka na utani wa watoto wachanga, akaonyesha kwamba kabla hata ya kutimiza mwaka mtoto anakunyooshea kitu kama anakupa, wewe ukinyoosha mkono yeye anakirudisha, huku anakuangalia usoni. Hapo penye kuangalia usoni ndo pashike. Huyo wako akishaficha kubadhi haangalii kubadhi, anaangalia nyuso zenu, wewe na babu yake, anasubiri. Tena ukimchunguza utaona macho yanamponyoka yanakimbilia kule kule nyuma ya pipa, manake ule uongo mkavu wa kukwambia "sijui bibi" na uso wa mbao bado hajaufikia, huo huwa wanaanza kuuweza vizuri kwenye miaka 4 hivi, subiri utaona mambo.

Unga nao ni habari nyengine. Kwenye unga hakukuwa na mtu wa kutaniwa mwanzoni, alikuwa peke yake na dunia. Mswisi mmoja, Jean Piaget, ambaye kila anayesomea watoto lazima apite kwake, aliwachunguza watoto wake mwenyewe watatu akaandika vile mwanawe Laurent, hajafika hata mwaka, kalala chali anaangusha vitu kimoja kimoja, mara mkono kaunyoosha hivi, mara hivi, mara juu zaidi, anafuata kwa macho aone kimeangukia wapi. Mama anaona mtoto anaangusha vitu. Lakini mtoto yuko maabara. Wako kachukua kitu cheupe chepesi, akakirusha, kikamrudia kichwani pole pole, akatafuta kwenye akili yake ni nini kingine kinatoka juu kinakuangukia, akapata: mvua. Mtoto wa miaka 2! Mi ningecheka pia, wallahi, ningelia machozi.

Lakini ona kilichofuata. Wewe ulicheka, ukakaa chini, ukatoa simu, ukamgeuzia kamera, ukamwambia (nimekusikia kwenye voisi ukisimulia) "hebu rudia tena, mume wangu, mvua iko wapi?" Akarudia. Kutoka hapo unga si maabara tena, unga ni jukwaa. Na kesho sabuni ya unga ni jukwaa, na keshokutwa sukari, afu wewe huyo huyo ambaye juzi ulicheka, leo bei ya sukari imekukaa kichwani, unampigia ukelele mpaka anaruka. Mtoto hapo hajifunzi kwamba kumwaga ni kubaya. Anajifunza kwamba bibi saa nyengine analipa saa nyengine halipi, na hiyo, kwa mtoto na kwa mtu mzima na kwa mnyama, ndo inamfanya mtu asiache kabisa. Waangalie wanaovua kwa mshipi. Samaki wangekuwa hawali kabisa jamaa angeshakwenda nyumbani saa mbili, lakini kwa vile mara moja moja mshipi unatikisika, utamkuta mpaka magharibi yuko pale pale kwenye mwamba na kikopo chake cha chambo.

Hapa ntakwambia langu mwenyewe, manake sipendi kuwasomea watu vitu ambavyo na mi vimenishinda. Mjukuu wangu wa kwanza, wakati ule ana miezi 19, siku moja akauvuta mkoba wangu kitandani akaumwaga wote, akapata poda, akajipaka uso mzima akaja sebuleni anatembea kwa madaha na mkoba begani unaburuza chini. Tulicheka nyumba nzima. Mi ndo nilicheka kuliko wote, nikambeba nikampeleka kwa jirani wakamwone. Baada ya kama wiki niko barazani napiga soga, kimya kikawa kirefu, unakijua kile kimya cha mtoto kinachokutoa mbio. Nikaingia ndani. Yeye kakaa chini, mkoba kati ya miguu yake, mdomo mweupe. Nikadhani poda. Nikamfungua mdomo, vipande vya vidonge. Dawa zangu za sukari.

Sijui nilishuka vipi zile ngazi. Tukapanda tuktuk, na mi ambaye nimefundisha mama wangapi wabebe pakiti ya dawa waende nayo hospitali, niliisahau, ikabidi jirani aikimbize nyuma na pikipiki. Akalazwa mpaka kesho yake, anapimwa sukari usiku kucha kila baada ya muda, ilishuka wakamwekea dripu ya glukosi, akaamka asubuhi anataka mkate. Alhamdulillahi. Lakini yule aliyemfundisha kwamba ndani ya mkoba wa bibi mna furaha ya nyumba nzima ni mimi, kwa kicheko changu mwenyewe, na hilo sijalisahau.

Kwa hivyo dadangu kabla hatujafika kwa binti yako, zunguka nyumba. Sikutishi, nakwambia vile vitu ambavyo nimeviona kwa macho. Nyumba ya bibi na babu ina dawa kuliko nyumba ya vijana, na wazee tuna tabia ya kuziweka chini ya mto, kwenye mkoba, juu ya friji ndani ya kikombe. Kama kwenye pakiti pameandikwa glibenclamide, hiyo ni dawa ya sukari ambayo kidonge kimoja tu kinaweza kumshusha mtoto mdogo sukari mpaka azimie, na athari yake inaweza kuchelewa masaa, kwa hivyo mtoto anacheza sawasawa wewe unasema alhamdulillahi hakumeza kumbe bado. Zile za presha kadhalika usizifanyie mzaha. Mafuta ya taa usiyaweke kamwe kwenye chupa ya soda, kwa mtoto chupa ya soda ni soda, na akinywa usimtapishe, wala usimpe maziwa eti yamsafishe, manake yakipanda tena kooni ndo yanaingia mapafuni, mbebe mwende. Pipa lenu la maji lifunikwe kwa kifuniko asichokiweza, na beseni la kufulia ukimaliza mwaga, mtoto wa umri huo kichwa ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama akazama uso hajui kujinyanyua, na maji ya shubiri moja yanatosha. Jiko la makaa hata likizimwa bado lina moto. Akiungua, maji ya mferejini yanayotiririka, dakika 20, si dawa ya meno na si yai, mayai kaangeni mle. Na betri zile za duara ndogo kama kitufe za rimoti na za saa, akimeza hiyo ni hospitali sasa hivi, haisubiri asubuhi, inamchoma koo kwa ndani kwa masaa machache tu. Wewe mwenye mtoto anayeficha rimoti, leo hii angalia kile kifuniko cha nyuma kama bado kipo. Za watu wengi mi naziona zimefungwa kwa selotepu.

Kuna methali inasema mtoto akililia wembe mpe. Sijawahi kuipenda.

Sasa lile swali lako la pili, mbona hawa uliwachapa na huyu unamchekea. Umeuliza kama mtu anayejishtaki, na mi naona mashtaka yenyewe nusu yake hayapo. Ulipokuwa unalea wanne pengine mkubwa hajafika darasa la tatu na mdogo yuko kifuani, maji unanunua kwa mitungi ya mkokoteni, unga kilo 2 ndo riziki ya kesho ya kuuza mahamri, akiumwaga kamwaga kesho. Leo kilo 2 za unga ni hasara lakini hamtalala njaa. Mtu akiwa na mzigo kichwani hacheki na anayemsukuma, hata awe anasukuma kwa mapenzi.

Afu kuna la mwili wenyewe. Mwaka 2021 James Rilling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliwaweka mabibi 50 kwenye mashine ya MRI wakawaangalia ubongo unavyofanya kazi huku wanaonyeshwa picha. Ikija picha ya mjukuu, sehemu zinazowaka ni zile za kuhisi anachohisi mwenzako, yaani mtoto kwenye picha anatabasamu na bibi anaipata ile furaha ndani yake kama yake. Ikija picha ya mzazi wa yule mjukuu, zinazozidi ni sehemu za kumfikiria mtu, kujaribu kumwelewa, huyu vipi, ana nini, kwa nini yuko hivi. Mi nilipoisoma hiyo nikaweka simu chini. Manake ndo kisa chenu kizima cha pale mlangoni. Kwa mjukuu ulikuwa ndani ya mvua pamoja naye. Kwa binti yako ulikuwa nje unamtazama, unajiuliza huyu naye kakasirikia nini.

Na kwetu sisi jambo hili lina ruhusa ya mila kabisa. Bibi na mjukuu ni watani. Umemwita "mume wangu" kwenye voisi mara sijui ngapi, babu naye akiwa na mjukuu wa kike anamwita mke wangu, anamwambia huyu bibi yako mzee ntamwacha nikuoe wewe (ndo maana wabara wakituambia "bibi yangu" kumbe wanamaanisha mke, sisi huku tunacheka kidogo pembeni). Si Waswahili peke yetu, wataalamu wa mila kama Radcliffe-Brown waliandika tangu 1940 vile sehemu nyingi za Afrika mzazi anaogopwa na mzazi wa mzazi anataniwa. Mtoto anahitaji mahali pa kupumua. Tena bibi si pambo. Kule Tanzania, Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, Kristen Hawkes na wenzake waliona mama akishajifungua mwengine, yule mtoto aliyeachishwa ziwa anategemea mizizi anayochimba bibi, bibi akichimba sana mtoto ananenepa. Wewe mizizi huchimbi lakini binti yako anakwenda shifti ya usiku na moyo wake umetulia, hilo ni lile lile.

Basi tufike kwa binti. Ile sentensi yake nimeisikiliza mara tatu. "Mama, mimi ningefanya hivi ungenitoa ngozi." Wewe umeisikia kama anakwambia mchape mtoto. Mi sidhani. Mtu anayetaka mtoto achapwe anamchapa mwenyewe, yeye ni mamake na mkono anao. Huyu kaingia chumbani kafunga mlango. Nadhani kaona mamake anacheka kicheko ambacho yeye hakukipata, kaona unga ule ule na sakafu ile ile na mama mwengine kabisa. Halafu amechoka, hajalala, na ukweli usemwe, kwenye akili yake nani atafagia? Na kila mtu kwenye simu yake keshaiona statasi kabla yeye hajafika nyumbani.

Methali anayokupiga nayo ni kweli kwa upande wake, lakini ukitaka kubishana naye kwa methali unayo nyengine, asiyefunzwa na mamaye, haisemi na bibiye. Natania. Usimwambie hivyo! Mwambie kingine. Siku ambayo amelala akaamka, amekula, mtoto yuko kwa jirani au kalala, mwambie yeye alikuwa na visa gani. Lazima alikuwa navyo, mama hasahau. Mwambie alichofanya, na mwambie ulimfanya nini, na kama ulikosea sema nilikosea mwanangu, nilikuwa nimechoka, leo ningecheka. Neno hilo kutoka kwa mama wa miaka 61 si dogo, na usilifuatishe na "lakini".

Afu kaeni mkubaliane vichache. Vichache jamani, nyumba si shule. Mi kwangu tulikubaliana na binti yangu moto, maji, dawa na barabara, hivyo vinne havichekewi na mtu yeyote, hata viwe vimependeza vipi, hata awe kavaa miwani ya babu. Yanayobaki, kama kubadhi, kama rimoti, mama wa mtoto ndo anasema lipi linamkera, si wewe, na akishasema wewe unamfuata hata kama roho inakuuma. Huyo babu wa ndara za waridi nasikia hata hakulalamika, basi kubadhi mwacheni nalo, ila Ijumaa liwe linatafutwa kabla ya adhana, na kijana ndo mtafutaji mkuu, babu anamwambia "haya mlinzi, nisaidie," analeta mwenyewe huku anaringa. Hapo lipa mshahara. Cheka hapo, piga vigelegele hapo, wakati analeta. Utashangaa baada ya wiki chache kuleta kutakuwa kutamu kuliko kuficha.

Kwa yale yasiyochekewa na wewe kicheko kimekujaa mpaka puani, fanya tulivyofanya mabibi wote tangu zamani, geuka, uma upindo wa leso. Mi nimewahi kukaa chooni dakika tano nacheka kwenye taulo. Mtoto asione uso, basi, manake uso ndo anaoutafuta. Sauti ya chini, maneno mawili, "unga si wa kumwaga," unamtoa pale, hakuna hotuba. Halafu anashika tambara. Miaka 2 anaweza kufuta, atafuta vibaya, atausambaza zaidi, haidhuru, lakini mchezo wowote wa kumwaga una mwisho wake ambao ni kufuta na mwisho huo haukosekani hata siku moja.

Na hamu yake ya unga mpe mahali. Ukikanda mahamri mpe donge lake na kisinia chake, hata likiwa jeusi la uchafu, ni lake. Mpe rafu moja ya chini jikoni yenye sufuria kuukuu na vifuniko na upawa, atoe arudishe kutwa. Wa kwangu alipopewa kabati lake yale makabati mengine hakuyaacha kabisa, nisikudanganye, lakini yalipungua.

Simu. Rekodi ukitaka, ni kumbukumbu na mi pia ninazo nyingi, lakini irekodi akiwa hakuoni, na mpelekee mamake peke yake kwanza, yeye akipenda ndo iende kwa watu. Hapo kazini kwake usiku wa manane akiifungua atacheka, na atacheka na wewe.

Kuhusu ufunguo wa kabati, usiite fundi bado. Umri huu hawabuni maficho mapya sana, wanaiga, wanaweka pale walipoona mtu mzima anaweka kitu akiwa anaangalia pembeni kwanza. Wewe dadangu pesa zako huwa unaficha wapi? Chini ya mchele kwenye debe? Ndani ya foronya? Nyuma ya picha ya Makka? Huna haja ya kunijibu. Anza kutafuta hapo.